Ruth Watiri, Aliyemwinua Moffat

Mchungaji, wazee wa kanisa, ndugu zetu wa Gikondi mliompoteza binti, majirani, na nyinyi nyote mliopanda kilima hiki kwenye matope, mimi ni Gatimu, ndugu mdogo wa Moffat Wamae, na familia imenituma niwasomee maisha ya mke wa ndugu yangu. Mnivumilie nikikwama, kwa sababu karatasi hii niliiandika kwa mkono wangu mwenyewe, na hata sasa nikiitazama naona kama jina limekosewa.

Marehemu Ruth Watiri alizaliwa mwaka wa 1934 huko Gikondi, Mukurweini, mtoto wa tatu wa Mzee Kihara na Mama Wachuka, na ingawa siku yenyewe haikuandikwa, mama yake, aliyeketi hapa mbele yetu, asema ulikuwa msimu wa mvua kubwa na mkunga alishindwa kuvuka mto, hivyo Watiri akaja duniani bila kumngoja mtu.

Alianza shule ya misheni mwaka wa 1943, akabatizwa mwaka wa 1947 na kupewa jina la Ruth, akafika darasa la nne, hapo karo ikaenda kwa kaka zake, jambo ambalo hakulisema kwa uchungu, lakini binti zake hakuwaruhusu kukosa shule hata siku moja ya kuchuma kahawa.

Tarehe 10 Desemba 1955 alifunga ndoa kanisani na ndugu yangu Moffat, katika siku zile za hali ya hatari tulipokuwa tumekusanywa vijijini, na harusi ilibidi kuisha mapema ili kila mtu awe ndani kabla ya saa ya amri ya kutotoka nje, kwa hiyo chai wengine waliinywa wakitembea. Mungu aliwajalia watoto wanne, Nderitu, Ngendo, Wachuka na Kihara, wote wako hapa.

Kazi yake ilikuwa shamba la kahawa, ng'ombe, na ndizi alizouza soko la Mukurweini, na tangu mwaka wa 1965 alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wa mabati, ambao waliezekeana nyumba zao moja baada ya nyingine, nyasi zikatoka na mabati yakaingia, na aliyepigilia misumari mara nyingi alikuwa Moffat, fundi seremala, huku Watiri akisimama chini akimwelekeza, naye Moffat akimjibu kutoka juu kwamba mwenyekiti apande mwenyewe.

Jumatano tarehe 14 Machi 1973, Moffat akiwa juu ya paa la nyumba ya mjane mmoja wa kikundi hicho, boriti ilivunjika, akaanguka na mgongo wake ukapiga mawe ya msingi. Alipofikishwa hospitali mjini Nyeri hakuwa akisikia miguu yake, na baada ya picha kuchukuliwa daktari alimwita Watiri kando, akamwambia amshukuru Mungu kwamba mumewe yuko hai, lakini asitarajie kumwona akisimama tena. Mimi nilikuwepo, nikamsikia akijibu kwa Kiswahili chake cha Mukurweini, "Daktari, wewe uko na kazi yako, na mimi niko na yangu."

Hakurudi nyumbani. Mjini hakuwa na jamaa, akakaa kwenye benchi la nje ya wodi mpaka mama mmoja wa mtaa wa Majengo, Mama Subira, aliyekuja kumwona mgonjwa wake, akamuuliza anangoja nani, kisha akamchukua kwake. Huko Watiri aliishi zaidi ya mwaka mmoja, yeye akiomba kwa njia yake na mwenyeji wake kwa njia yake, wakipika kwenye jiko moja, na Mama Subira yuko hapa leo, ameketi na akina mama wa familia, kwa maana ndiko anakostahili.

Miezi ya kwanza ndugu yangu aligeuka ukutani, akakataa chakula, akakataa hata maombi ya wazee waliokuja kutoka kanisani, akasema mtu asiye na miguu hana nyumba. Watiri alivuta kiti akakiweka katikati ya kitanda na ukuta, akaketi na bakuli la uji, akamwambia, "Baba Nderitu, kunywa. Ukigeuka huko nitahamisha kiti." Alijifunza kumgeuza ili asipate vidonda, kumwosha, kumnyoosha viungo, na Moffat alipopelekwa kwenye chumba cha mazoezi, akafungwa vyuma vya miguu na kushikishwa nguzo mbili za kujifunzia kutembea, alikuwa akipiga kelele kwa maumivu na kumtukana mtaalamu wa mazoezi, Bwana Yakubu, na Watiri akisimama upande wa pili wa nguzo akimwambia, "Mtukane, lakini kuja." Mwezi wa Oktoba Moffat alisimama. Kanisa letu lilipopata habari Jumapili iliyofuata, wimbo ulianza kabla mchungaji hajamaliza kusema.

Tarehe 4 Mei mwaka huu wa 1974 Moffat alirudi nyumbani kwa magongo, na nyinyi mlikuwa mmeshapanua mlango na kusawazisha ua, na Watiri alicheza siku hiyo mpaka kitambaa kikamtoka kichwani.

Hapa, kwa desturi, ndipo ningesoma kuhusu ugonjwa wa marehemu, lakini sina cha kusoma, kwa sababu hakuna aliyemjua kuwa mgonjwa. Muuguzi Kagure wa wodi ile ya Nyeri alituambia jana kwamba aliwahi kuona miguu ya Watiri imevimba, akamwomba akae apimwe damu, naye akamjibu, "Mgonjwa ni yule wa kitandani," akaendelea na beseni lake.

Alhamisi iliyopita, tarehe 6 Juni, alikata majani ya ng'ombe, akamwekea mumewe kiti uani apate jua, akaingia jikoni. Moffat alimsikia akisema, "Kichwa imenishika," kisha sufuria ikaanguka. Alimwita, hakujibiwa, akasimama kwa haraka, magongo yakateleza, akaanguka, akaanza kujivuta kwa mikono kuelekea jikoni huku akipiga mayowe. Sisi majirani tulikuja mbio, tukamkuta chini, na kwa mazoea yetu ya kumwona yeye ndiye mgonjwa tukainama kumwinua, naye akatupiga mikono akilia, "Sio mimi! Niacheni! Ni Watiri, ingieni jikoni!" Mmoja wetu akamwambia atulie, Mama Nderitu anakuja. Ndipo Ngendo akapita katikati yetu, akaingia, na sauti yake ndiyo iliyotuambia.

Gari la chama cha kahawa lilimkimbiza hospitali ya Mukurweini, lakini daktari alisema mshipa wa kichwani ulikuwa umepasuka na roho ilishatoka njiani. Jioni ile habari ilivuka mabonde ikiwa imegeuka, na hata leo asubuhi kuna watu wamenishika mkono langoni wakinipa pole kwa ajili ya ndugu yangu, kisha wakamwona ameketi, wakaniachia mkono. Siwalaumu. Tulimwombea Moffat mwaka mzima, na sikumbuki kama tulimwombea yeye.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi, Bwana Yakubu, Mama Subira na nyumba yake yote, mchungaji na washirika, akina mama wa mabati, majirani, na chama cha kahawa kwa gari lao. Mama Wachuka, mama yetu, hatuna neno la kukupa, tumekuletea wajukuu wako wakae karibu nawe.

Leo Ngendo ndiye aliyemfunga baba yake vyuma vya miguu, mara yake ya kwanza, akakosea mikanda, akafungua, akaanza upya, na baba yake akangoja. Moffat amesema hatabebwa kwenda kaburini. Njia ina utelezi, basi tutakwenda kwa mwendo wake, jeneza likiwa nyuma yake, na ninawaomba vijana mtakaolibeba msimpite.

Watiri wa Kihara, mke wa ndugu yangu, umefanya kazi ya kutosha, sasa keti, Bwana akupe raha yake.