Hodi ya Mtoto wa Kota

Mshonaji alikaa kiti cha nyuma cha basi, macho dirishani, masikio mbele. Mke wa sajini mstaafu alikuwa akimwaga yake kwa abiria mwenzake.

"Kule kota za jeshi, dada, mwanangu alikula popote njaa ilipomkuta. Juzi, huku uraiani, kaingia kwa jirani, kajipakulia, kakaa. Wakamwita mwizi!"

"Si angepiga hodi?"

"Kule anayepiga hodi ni mgeni. Na mwanangu akikosea, mama yeyote alimvuta sikio, nami nikashukuru."

"Wangu asiguswe na mtu!"

Mshonaji, ambaye hakuulizwa, aliguna.

Basi liliposimama, mke wa sajini aliinuka. "Basi furahi. Tangu siku ile anapiga hodi hata kwetu, na haingii mpaka nimwambie karibu."