Fundi Hezekia Masingisa na Mlio wa Twinkam

Marehemu Hezekia Zabron Masingisa alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 hapa Mamboya, wilayani Kilosa, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Zabron na Mama Magreti, ambao nao wametangulia mbele za haki.

Alisoma shule ya msingi hapahapa, 1969 hadi 1975. Darasani hakuwa mtu wa kusifiwa, tuseme ukweli, lakini saa ya mwalimu mkuu ilipogoma, aliyeitwa ni yeye. Alijifunza ufundi wa magari Morogoro, akamaliza mwaka 1979.

Alianzia kwenye matrekta ya miwa huko Ruhembe, na mwaka 1993 akafungua gereji yake Mikumi, ubavuni mwa nyumba yake, kando ya barabara kuu. Mmoja wa wateja wake, Bwana Tanabe, mtaalamu wa kilimo kutoka Japani, aliporudi kwao alimwachia kanda tatu za video za mashindano ya magari. Jamani, kanda zile! Hayakuwa magari ya ajabu. Yalikuwa Corolla, Civic na Skyline za pembe nne, kama za kwendea sokoni, zinabanana kwenye kona mpaka vioo vya pembeni vinang'oka. Hezekia hakuelewa neno hata moja la mtangazaji, lakini hata akifumba macho alikutajia kila gari kwa mlio wake. Mwaka 1997 alipata Corolla nyeupe yenye injini ya twinkam, ile ya mbio yenye mlio mkali, ndugu wa zile za kwenye kanda. Basi, hakuona gari jingine. "Magari ya siku hizi yote yana sura ya kambale," alikuwa akisema.

Alifunga ndoa na Filomena tarehe 20 Desemba 1986, Kilosa mjini. Wakitoka kanisani, bwana harusi alisimamisha msafara, akafungua boneti ya gari la harusi, akategea injini sikio kwa bisibisi ndefu, ncha kwenye injini, mpini sikioni.

"Umenioa mimi au hiyo injini?" Filomena aliuliza.

"Vumilia, mke wangu, inamisi, kuna silinda haiwaki vizuri."

Suti iliingia grisi. Picha ipo.

Mwaka 2022 madaktari walimkuta moyo umepanuka, wakamkataza kazi nzito. Kilichomuuma zaidi ni Corolla. Ilikuwa imelala miaka kumi na mmoja, injini imefumuliwa iko kwenye makarai, maana alikataa katakata kuifunga kwa spea za kubahatisha. Mwezi Mei 2025 alimwita binti yake Costancia, fundi aliyeachiwa gereji. "Mwanangu, nataka niisikie mara moja kabla sijaondoka. Lakini usilipue kazi."

Alhamisi tarehe 19 Juni 2025, saa tisa alasiri, Costancia, aliyekwisha kusaka spea halisi na kuifunga injini, aliiwasha chini ya dirisha la baba yake. Sisi ndugu tukashangilia huku tunalia. Mzee akatusihi tunyamaze, akasikiliza.

"Silinda ya tatu inamisi."

Wengine tulinong'ona kwamba binti amjibu tu kuwa injini ni nzima, baba apumzike. Costancia alikataa. Alizima, akafungua, na kweli, waya wa plagi ulikuwa haujakaa. Akawasha tena, akakanyaga mafuta mpaka mabati ya gereji yakatetemeka. Hezekia alitabasamu, mkono wake juu ya shuka ukibadilisha gia.

"Hapo sawa, mama. Zima sasa, unamaliza mafuta."

Alifariki saa kumi na moja jioni, nyumbani kwake Mikumi.

Ameacha mjane, Filomena, watoto watatu, Costancia, Nickson na Grace, wajukuu sita, na Corolla inayowaka bila kumisi. Bwana amjalie fundi wetu pumziko lenye amani.