Théodore Mwamba, Fundi Cherehani, na Mwaka Wake wa Kantri

Tumekuja kumzika Théodore Kalenga Mwamba, na kabla udongo haujaingia yafaa isemwe alikuwa nani, maana wengi waliovaa nguo nyeusi hapa leo walimjua kama mzee wa kupunguza suruali tu. Alikuwa mpiga gitaa. Alipiga kwa vidole viwili, gumba na cha shahada, kama walivyopiga wanaume wa Katanga, kwetu Kongo, zamani. Kwa miaka ishirini jijini Johannesburg alitafuta mtu mmoja wa kumwachia upigaji huo. Hilo ndilo jambo lililomhangaisha hadi mwisho.

Alizaliwa tarehe 9 Juni 1948 huko Jadotville, mji ambao sasa unaitwa Likasi, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Kalenga Mwamba, mfanyakazi wa reli, na Mama Monga. Mtoto wa kwanza ni mimi, François, ninayesoma maneno haya.

Alisoma shule ya msingi ya misheni kuanzia 1955 hadi 1961, akamaliza darasa la sita. Hakuendelea, na mimi sikuendelea. Enzi zile mtu wa darasa la sita aliandika barua isiyo na kosa. Leo wapo wenye digrii ambao hawawezi kuandika tangazo la msiba bila kunipigia simu. Shule yake ya pili ilikuwa kwa Bakiri, fundi wa reli kutoka Kasongo, aliyekaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Bakiri hakufundisha kwa maneno. Alipiga, ukatazama. Ukikosea, alilichukua gitaa akaingia nalo ndani, nawe ukarudi kesho yake. Théodore alirudi kwa miaka mitatu.

Mwaka 1964 alianza kushona. Alishona sare za wachimba madini wa Likasi kwa zaidi ya miaka thelathini. Mwaka 1997 alihama kupitia Lusaka akafika Johannesburg, akaweka cherehani yake kando ya barabara huko Hillbrow. Mwaka 2003 alipata chumba ghorofa ya pili katikati ya mji, juu ya stendi ya teksi. Hakuwahi kumkabidhi mteja nguo yenye uzi unaoning'inia. Wateja wenyewe waliacha kuja walipogundua kwamba nguo za plastiki kutoka maduka ya jumla huvaliwa mara nne na kutupwa, na jambo hilo likawafurahisha.

Tarehe 20 Julai 1974 alifunga ndoa na Agnès Kabwe. Marehemu Agnès alipenda kusimulia siku ya kwanza Théodore alipokuja kupiga nje ya nyumba yao. Yeye akiwa jikoni alisikia besi na sauti ya juu kwa pamoja, akadhani wamekuja wanaume wawili, akapika bukari, ugali wetu, ya watu wawili. Théodore aliila yote, kwa aibu ya kueleza. Walijaliwa watoto wawili, Pitchou na Denise. Agnès alifariki mwaka 2009, na baada yake katika nyumba yao ya Berea, hapa Johannesburg, haikupikwa bukari ya kueleweka.

Sasa nisemeje kuhusu watoto? Pitchou ni mpiga kinanda kanisani. Kinanda hicho unakibonyeza mara moja nacho kinaendelea chenyewe, ngoma na besi na makofi, mpigaji akiangalia simu. Baba yake alimwomba ajifunze gitaa, na mara ya tatu mimi nilikuwepo.

"Papa, hiyo ni musique ya wazee," alisema Pitchou. "Banaimba juu ya baiskeli na bibi ya mutu. Kanisa itasema nini?"

"Vidole havina kanisa, mwanangu," alijibu Théodore.

"Basi vyangu viko nayo."

Mjukuu wake Gradi, aliyezaliwa hapa hapa, aliketi na babu yake dakika kumi, kisha akasema, "Eish, mkhulu," yaani babu, akaondoka. Kiswahili anakisikia, lakini ukimsemesha hujibu Kizulu, na wazazi wake hucheka kana kwamba ni kipaji.

Ndipo ukaja mwaka 2017. Mwezi Machi lilibandikwa tangazo kwenye mlango wa ukumbi mmoja huko Berea: SIKU YA KANTRI, WASWAHILI WOTE MNAKARIBISHWA. Watu waliniuliza maana yake. Nimejifunza Kiingereza mwenyewe, kwa kamusi, na kamusi inasema neno hilo ni nchi. Nikawaambia kwamba hii ni siku ya nchi, kila taifa lilete vitu vya kwao. Wakongo thelathini waliniamini. Jumamosi tarehe 11 tulifika na bendera mbili, masufuria matatu ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, na wanawake wamevaa liputa, yaani vitenge, za sare. Ndani tuliwakuta Wakenya wamevaa kofia pana za wachunga ng'ombe wa Amerika.

Mwenyeji wao alikuwa Mwangi, mtu wa benki, na buti lake lilikuwa na ncha kama sindano.

"Karibuni, wazee! Lakini hizo bendera ni za nini?"

"Za kantri," nilimjibu.

"Kantri gani, mzee?"

"Kantri yetu! Kongo! Na weye, yako iko wapi? Umekuja bila bendera, na kofia ya watu wengine."

Alicheka hadi kofia ikamdondoka. "Wacha, mzee! Kantri ni muziki. Ni zile nyimbo za ng'ombe, malori, na mabibi waliotoroka."

"Weye uko na ng'ombe?"

"Niko na Toyota."

Kamusi haikukosea. Waliokosea ni watu waliosoma vyuo vikuu, wanaoshinda katika majengo ya vioo, kisha Jumamosi wanamlilia farasi ambaye hawajawahi kumpa hata majani. Nilitaka turudi nyumbani. Lakini sombe ilikuwa ya moto, na Théodore, ambaye kitu cha nchi yake kilikuwa gitaa, alikuwa amekwisha kuketi.

Alipiga wimbo wa Bakiri, yule mwalimu wake wa Likasi. Wakenya walinyamaza. Mmoja wao, mwanamke aitwaye Kagendo, anayefundisha hesabu chuo kikuu, aliinua kiti chake akakihamisha mbele. Hakukiweka mahali pa kumwona mzee usoni, alikiweka usawa wa mkono wake wa kulia. Nilimwona, nikasema moyoni kwamba huyu anataka kupiga picha. Hakupiga picha.

Hivyo ndivyo marehemu alivyoingia katika mwaka wake wa kantri. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi walimfuata kwa gari. Walimpa kofia iliyomshuka hadi masikioni, naye akaivaa, kwa kuwa hakujua kumkatalia mtu. Walimfundisha nyimbo za Kiingereza, akaziimba vizuri bila kujua kama ndani yake mtu ameoa au ameuawa. Nilimwambia anajishusha. "Yaya," alinijibu, maana ndivyo alivyoniita mimi kaka yake, "ni watu wanaonyamaza nikipiga. Weye unijulishe wengine, niende kwa hao."

Na Kagendo alianza kuja chumba cha kushonea. Siku ya kwanza alikuja na kucha ndefu zilizopakwa rangi ya zambarau. Théodore alizitazama. "Mama, kucha zikae, gitaa iende. Ao gitaa ikae, kucha ziende."

"Nilizitengeneza jana, mzee."

"Ni nzuri kabisa. Enda nazo nyumbani."

Alichukua mkasi wa kukatia vitambaa mezani akazikata hapo hapo, za mkono wa kushoto tu, unaobana nyuzi. Mwaka mzima mkono wake mmoja ulikuwa wa bibi wa mjini na mwingine wa fundi. Nilimcheka mbele ya watu. Alikosea mara nyingi sana. Théodore alifanya kama Bakiri, alilichukua gitaa na kwenda nalo nyuma ya pazia, na mwalimu huyo wa chuo kikuu akashuka ngazi, akarudi Jumamosi iliyofuata.

Tarehe 3 Machi 2018 marehemu aliwapigia Wakenya kwa mara ya mwisho. Tarehe 19 Aprili, akiwa kwenye cherehani, alipatwa na kiharusi. Kilichukua upande wa kulia, pamoja na vidole vile viwili. Wakati huo Kagendo alikuwa amepata nyimbo sita. Wa Bakiri, ambao gumba lake hutembea njia yake bila kungoja kidole cha pili, alikuwa hajaupata. Théodore aliniambia hospitalini, kwa ulimi mzito, "Yaya, ule ukibaki ndani yangu, njo mwisho." Kwetu "njo" ni "ndiyo".

Kwa miezi minne alifundisha kwa mdomo. Aliimba besi, "ndu, ndu-ndu," huku mkono wa kushoto ukimgongea mwendo kwenye chuma cha kitanda. Pitchou alikuja Jumapili baada ya ibada, akaomba kwa sauti kubwa, akaondoka. Kagendo alikuja Jumatano na Jumapili, na aliendelea kuvaa buti za kantri, za ncha kama la Mwangi, hata wodini, jambo ambalo sijalisamehe. Jumapili tarehe 12 Agosti alipiga wimbo mzima. Théodore alikuwa amefumba macho. Alisema, "Njo ile." Jumanne tarehe 14 Agosti 2018, saa kumi na moja alfajiri, alifariki dunia akiwa na umri wa miaka sabini.

Kwa desturi yetu chombo cha kazi cha marehemu hurithiwa na damu yake, na mkubwa wa ukoo ndiye anayekitoa. Nimeitetea desturi hiyo mbele ya watoto hawa miaka yote, hata waliponiita mzee wa makumbusho. Pitchou aliliomba gitaa la baba yake alitundike sebuleni, juu ya televisheni. Damu ni yake, na haki ni yake. Jumatano iliyopita, mimi mkubwa wa ukoo, nimelitoa kwa Kagendo, mtu wa Meru, asiyejua hata kusonga bukari. Atakayetaka kunilaumu nitakuwa nyumbani Berea kila siku, mlango haufungwi.

Théodore ameacha kaka mmoja, watoto wawili, Pitchou na Denise, wajukuu watano, na mwanafunzi mmoja. Kaburi likishafukiwa, mwanafunzi huyo atapiga wimbo wa Bakiri. Wimbo huo ni wa dakika nne. Asiyeweza kunyamaza dakika nne akasubiri garini.

Mungu amlaze mdogo wangu mahali pa utulivu.