Bamba Jeusi la Mama Baridi

Tarehe 30 Juni, baada ya utumishi wa miaka thelathini na minne, mbunifu wetu mkuu wa spektrografu za infraredi atakabidhi ufunguo wa chumba cha majaribio. Karakana nzima inamwita Mama Baridi, na jina hilo amelitolea jasho. Vifaa vyake huchambua mwanga wa nyota usioonekana kwa macho, na sharti vipozwe kupita barafu yoyote, kwa kuwa kila chenye joto, hata bolti, hutoa mwanga wa aina hiyohiyo na kuufunika ule wa nyota. Sweta yake ya kijivu haijakosa kazini hata siku moja.

Alianza akiwa mchoraji wa michoro ya mitambo, akapanda hadi kuongoza ubunifu wa vifaa vitano, vitatu kati yake vikiwa vya darubini zenye vioo vipana kuliko ukumbi wetu wa mikutano.

Hata hivyo, anayetaka kumfahamu na aulize habari za kifaa cha tatu. Zilibaki wiki sita kisafirishwe. Tungechelewa, nafasi yetu kwenye darubini ingepewa wengine kwa miaka miwili. Katika jaribio la mwisho, ukungu hafifu wa mwanga ulijitokeza pembeni mwa picha. Mkurugenzi alisema hakuna atakayeuona. Mama Baridi akagoma kutia saini.

Siku nne alipekua michoro, asipate kitu. Jioni ya nne, mumewe, fundi cherehani, alikuwa akinung'unikia kitambaa alicholetewa na mteja cha kuongezea koti jeusi.

"Mama watoto, hebu vione hivi kesho juani," alimwambia. "Kwenye taa vyote vyeusi sawasawa, lakini si ndugu kabisa!"

Asubuhi Mama Baridi alichukua kipande cha akiba cha bamba linalozingira kitambuzi cha mwanga. Kwa macho lilikuwa jeusi tititi. Alipolipima kwa infraredi, lilimeta kama kioo, likirudisha mwanga uliopaswa kumezwa: ndio ukungu ule.

Bamba hilo alikuwa ameliidhinisha yeye. Alisimama mbele ya kikao, akasema kosa ni lake, kwani alilitazama badala ya kulipima, kisha akaomba kifaa kifunguliwe. Kukipasha joto polepole, kulipaka bamba rangi inayofaa na kukipoza upya kulimeza siku thelathini na tano. Kiliingia kwenye kreti zikiwa zimesalia siku mbili. Ukungu ulitoweka, na mkurugenzi akayameza maneno yake hadharani, bila maji.

Tangu hapo hapa hakuna cheusi kinachoaminiwa kabla ya kupimwa. Sisi tulioajiriwa juzi tulipewa kipande kilekile siku ya kwanza na kuulizwa rangi yake. Wote tulijibu kwa madaha kuwa ni nyeusi; wote tukaelekezwa kwenye meza ya vipimo huku mafundi wakituangulia kicheko.

Mama Baridi, tunakushukuru kwa ukali wako na kwa ucheshi wako. Mumeo ametuma salamu kwamba nyumbani kuna joto la kutosha, sweta uiache. Tunakuombea afya njema na siku nyingi za jua.

Kifaa cha sita kitafungwa mwezi ujao bila saini yako. Usiwe na shaka: tutapima kwanza.