Radi Iliyoingia kwa Shemasi Prouse

Ndugu na majirani, mliokuja licha ya wingu lile linalopanda kule magharibi, tunaomba mtulie.

Marehemu kaka yetu, Shemasi Eliakim Prouse, alizaliwa tarehe 3 Machi 1621 huko Dorset, Uingereza, akavuka bahari na wazazi mwaka 1635, akafundishwa kusoma na mama kwa Biblia, kisha akawa fundi mapipa hapa Stonebrook, Massachusetts, kazi aliyoifanya hadi mwisho. Alimuoa Patience Lowde tarehe 9 Oktoba 1646, wakajaliwa watoto watano, na watatu wako hapa.

Mwaka 1658, radi ilipomuua jirani yetu Reuben Hewlin akikusanya nyasi kavu shambani, ni kaka yetu huyu aliyesimama katika nyumba ya ibada akasema, "Mungu hapigi ovyo, jamani, mtu huyu alificha kitu," tukafunga siku nzima tukiitafuta dhambi hiyo, haikuonekana, lakini mjane wa Reuben, Dorcas, akasogezwa benchi la nyuma, na huko ndiko aliko hadi leo.

Alasiri ya tarehe 14 Julai mwaka huu, 1666, mbingu zilipoanza kunguruma, marehemu aliikusanya familia mbele ya meko, kama tunavyofanya sote, akawa anasoma zaburi, na moto ukashuka kwa bomba la moshi, ukayeyusha sahani za bati, ukampasulia buti, na mbwa aliyelala miguuni pake hata hakuungua. Aliishi hadi kesho yake, miguu imekufa ganzi, akiuliza neno moja tu, "Patience, nimekosa nini?"

Aliyemjibu ni Dorcas, aliyekuja bila kuitwa, na siki na vitambaa, akamfuta uso, akamwambia, "Ulikuwa unasoma zaburi, Shemasi. Reuben wangu alikuwa anakusanya nyasi. Basi." Marehemu alilia, akamshika mkono, akafariki kabla jua halijazama.

Tangu hapo watu wanatuuliza mlangoni alificha nini, na kesho imetangazwa saumu, nasi tunaogopa, tunasema wazi, maana hatuna la kujibu, kama Dorcas alivyokuwa hana.

Tunamshukuru tabibu, mafundi wenzake, waliochimba kaburi na majirani walioleta uji wa mahindi. Dada Dorcas, toka huko nyuma, njoo usimame nasi. Na ninyi nyote, ngurumo hiyo mmeisikia, mkifika nyumbani ombeni, lakini ombeni mbali na meko.

Pumzika kwa amani, kaka yetu Eliakim, na Reuben naye, tuliyemzika bila kumwambia hivyo, apumzike.