Kushoto kwa Zipora

Mchungaji, wazee wetu na ndugu waombolezaji, naitwa Elisha Matonya, mdogo wake marehemu, na nasoma kwa niaba ya familia.

Marehemu Yoramu Matonya alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 hapahapa Kibakwe, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1970 hadi 1976, na mwaka 1979 akaenda Dodoma mjini kujifunza ufundi kwenye gereji ya fundi Hashimu, mwenyeji wa Kondoa.

Kazi yake ilikuwa chesisi za malori, hasa matundu ya bolti yaliyolika au kutobolewa pasipo pake. Mwaka 1984 aliambiwa atoboe tundu upande wa kushoto, naye akiwa amesimama mbele ya lori akatoboa kushoto kwake mwenyewe, ambako ndiko kulia kwa lori, na fundi Hashimu akamwambia kushoto ni kwa aliyekaa ndani, si kwa anayetazama. Hakumruhusu kuficha kosa kwa wosha pana, kile kipete cha chuma kinachokaa chini ya bolti, bali alimtaka alijaze tundu kwa kuchomelea, asage hadi chuma kilingane, ndipo atoboe panapostahili. Kisa hicho alimsimulia kila aliyemfundisha kazi, na sisi nyumbani tulikichoka.

Tarehe 17 Desemba 1988 alifunga ndoa na Zipora, wakajaliwa watoto watatu, Yasinta, Octavian na Restuta. Zipora alifariki tarehe 3 Agosti 2019, akazikwa hapa, na marehemu akatuagiza kwamba siku yake ikifika alazwe kushoto kwa mkewe, kama walivyolala maisha yao yote.

Mwaka 2023 alianza kusumbuliwa na figo, akatibiwa Dodoma, na juzi Alhamisi, tarehe 12 Juni 2025, akafariki.

Mmeketi juani tangu asubuhi, nanyi mnastahili maelezo. Jana vijana walisimama miguuni pa Zipora wakiutazama msalaba wake, wakachimba kushoto kwao, kumbe ni kulia kwake. Baadhi yetu, nami nikiwamo, tulisema kaburi ni kaburi, lakini Yasinta akasema baba yake hakuwahi kufunga bolti kwenye tundu lililokosewa, na hatutaanza naye. Nilikasirika, sasa namshukuru. Wazee wakalaza kipande cha mti katika kaburi la kwanza, maana kaburi halifukiwi tupu, likajazwa, likashindiliwa, ndipo leo asubuhi likachimbwa la pili.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Dodoma na wa hapa, mafundi wenzake waliofunga gereji wakaja, na vijana waliochimba mara mbili bila kununa sana.

Kaka Yoramu, Zipora yuko kulia kwako. Pumzika salama.