Tulipokuwa Tukibakiziana Dawa

Amani iwe nanyi, mama zangu. Mwenyekiti wa kikundi chetu kaniambia nisiwachoshe, lakini mnanijua, mdomo wangu hauna kufuli. Mtanivumilia.

Kabla sijahamia hapa Kibeta nilikuwa nauza dagaa kisiwani, upande wa Muleba. Nakikumbuka kisiwa kile mpaka roho inaniuma. Tulitoka kila kona, hakuna aliyekuwa na ndugu pale, basi tukawa ndugu. Chumvi ya mmoja ilikuwa ya wote. Dawa pia. Ukiugua unanunua vidonge vya rangi mbili dukani, ukipata nafuu unaacha, vilivyobaki unamwekea mwenzako atakayeugua. Aliyemaliza dozi yake tulimsema mchoyo. Msicheke, na ninyi mnavyo humo kwenye mikoba.

Siku moja nikianika dagaa, waya wa chanja ukanichoma mguu. Jirani yangu, mama wa Kisukuma tuliyekuwa tukipika naye chungu kimoja, akaja mbio na vidonge alivyobakiza. Vingine nikameza, kimoja akakifungua, akaninyunyizia unga wake kidondani huku akinipepea kwa khanga. Nawaambia, sijawahi kupendwa vile. Basi ikawa hivyo: nikipata nafuu naacha, kidonda kikichachamaa naanza tena na vya mtu mwingine. Mwishowe mguu ukavimba mpaka gotini, homa ikanilaza, wakanipakia kwenye boti kunileta hospitali huku Bukoba.

Wakanichoma sindano, wakabadilisha, wakachoma nyingine. Wapi. Mguu ukaanza kunuka. Dada yangu anayeishi hapa mjini, Nshambya, aliyekuwa akiniuguza, alikuwa akigeukia dirishani ili nisimwone analia. Daktari akachukua usaha ukapimwe maabara, ijulikane dawa gani itaviua vijidudu vile. Majibu yalipotoka akaja akakaa kitandani kwangu.

"Mama, vijidudu hivi vimezizoea karibu dawa zote tulizo nazo. Imebaki moja. Ikishindwa, tutakata mguu tuokoe uhai."

Waitu, jamani, nililia mimi. Akanieleza kwamba kila tunapoacha dawa njiani, vijidudu vinavyosalia ni vile vigumu, na hivyo ndivyo tunavyoambukizana. Wakanitundikia dripu ya ile dawa ya mwisho, tukangoja. Asubuhi moja nikaamka na njaa, nikamwambia dada nataka ndizi. Akaangua kilio kuliko siku zote, nami nikajua mguu wangu umebaki.

Nikatoka hospitali na vidonge vya kumalizia, nikafikia kwa dada. Jirani yangu wa kisiwani akavuka ziwa kuja kuniona. Tulicheka siku ile, tukakumbuka yote. Wakati wa kuondoka akaniambia binti yake ana jipu, nimbakizie vidonge kidogo. Yeye, aliyenipa vyake bila kuombwa.

"Dada, hivi sikupi," nikamwambia. "Mlete mtoto apimwe."

Akajifunga khanga yake akatoka bila kuaga. Jioni nilimeza kidonge changu huku machozi yananitoka. Baadaye nilisikia kamleta mtoto hospitali, akatibiwa, akapona. Kwangu hakupita.

Namshukuru Mungu, namshukuru daktari yule, na dada yangu aliyevumilia harufu yangu. Mama zangu, gawaneni chumvi, gawaneni unga, bebaneni mgongoni. Dawa kila mtu apimwe, apewe yake, aimalize. Nimesimama mbele yenu kwa miguu miwili, na rafiki yangu yule namkumbuka kila ninapopika.